Mfupa wa Diwani

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana kisa hiki kina mfupa ndani yake, na mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika maabara ya chuo kimoja cha mifugo. Wa kwanza aliitwa Gaudensi, na hakuna kitu kigumu kilichowahi kumshinda kusaga. Wa pili alikuwa Bi Mwanahija, mwenye jicho la kutenga kisafi na kichafu. Wali wa nyumbani kwake haukuwahi kukutwa na jiwe. Wa tatu alikuwa Tulinagwe, binti mdogo kuliko wote, na kipaji chake kilikuwa kigumu kueleza. Alijua kungoja, na aliweza kuamini kwamba kitu kipo hata kama hakionekani. Wote watatu walipendana, ila kila mmoja aliamini moyoni kwamba siku atakayougua yeye, maabara itafungwa.

Mzee Lubinza hakuwa na habari nao. Yeye aliishi kijijini na mkewe Kwandu, na habari aliyokuwa nayo ni ya dume lake. Dume hilo alilipa jina la Diwani, kwa kuwa lilipopita kila mtu alilipisha, na kwa kuwa liliingia mashamba ya watu bila kupiga hodi. Diwani wa kata alipolalamikia jina hilo, Mzee Lubinza alimjibu kwa heshima zote kwamba ng'ombe mwenyewe hajalalamika.

Jumanne moja Diwani hakurudi zizini. Jumamosi yake, jirani yao Jilala aliozesha binti, na nyama ilikuwa nyingi kupita kiasi kwa mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuja kuomba chumvi. Mzee Lubinza alialikwa. Akala bakuli la kwanza, akala la pili, na alipokuwa akifyonza mfupa ndipo wazo likamwingia. Akaacha kufyonza. Akautazama ule mfupa kitambo, kisha akautia mfukoni mwa koti na kurudi nyumbani bila kuaga.

Kesi ilifika kwenye baraza la kijiji. Jilala alisema dume lake alilinunua mnadani, karatasi ikaliwa na mchwa, ngozi ikachukuliwa na mbwa. Mzee Lubinza akatoa mfupa. Jilala akauliza kama mfupa huo umeandikwa jina, na watu wakacheka. Wazee wa baraza hawakucheka. Wakaamua kwamba Lubinza apewe mwezi mmoja wa kuthibitisha, na akishindwa, atamwomba Jilala radhi mbele ya watu wote na kumpa dume jingine kwa kumchafulia jina siku ya harusi ya mwanawe.

Hapo Mzee Lubinza alisimama, akasema maneno ambayo baadaye aliyajutia. "Atakayemtoa Diwani ndani ya mfupa huu, mtamba wangu mweupe ni wake. Ni wa mtu mmoja, mzima, na kamba yake."

Kwandu alijifunika uso kwa khanga. Mtamba yule alikuwa tumbo moja na Diwani, na ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote zizini.

Basi akaupeleka mfupa chuoni, na mkononi alishika bahasha yenye nywele za mkia alizozing'oa kwa mama yake Diwani, kama alivyoelekezwa na bwana mifugo. Bi Mwanahija alimkaribisha akamfafanulia. Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno, na ndani ya kila kijumba mna uzi ulioandikwa mtoto kachukua nini kwa mama na nini kwa baba. Uzi huo ndio huitwa DNA. Wakiupata ndani ya mfupa, wataulinganisha na ule wa mama.

"Hata kama kapikwa?" Mzee Lubinza aliuliza.

"Akipikwa uzi hukatikakatika, baba. Tutatafuta vipande."

Aliombwa auache mfupa arudi kwake, akakataa. Alisema amekwisha kumwacha Diwani peke yake mara moja, na mmeona yaliyompata. Akawekewa benchi nje ya dirisha la kioo, na kwa muda wa siku nne alikaa pale akitazama ndani.

Alianza Gaudensi. Aliukwangua mfupa nje mpaka mafuta na manjano ya mchuzi yakaisha, akaukata, akachagua kipande cha ndani kilicho kigumu kama jino, ambako moto wa sufuria haukufika sana. Kisha akasaga. Lakini alisaga kidogo akapumzika, akasaga tena kidogo akapumzika, mpaka Mzee Lubinza akaanza kumwona mvivu na kumgongea kioo. Gaudensi alitoka akamweleza kwamba kinu kikipata joto, kile kidogo kilichosalimika sufuriani kitaungua maabarani. Ilimchukua siku mbili kupata unga laini kama poda ya mtoto. Akautia kwenye maji yenye sabuni ya kupasua kuta za seli na kimeng'enya cha kula nyama iliyobaki, akaviacha kwenye uvuguvugu hadi kesho yake.

Kesho yake kilichotoka kilikuwa kama supu ya jana. Uzi ulikuwa humo, lakini humo pia mlikuwa na mafuta, na takataka za mfupa, na bizari ambayo mke wa Jilala hakuifanyia ubahili. Hapo aliingia Bi Mwanahija. Alitia chumvi kali na dawa zake, akafunga vichupa kwenye mashine inayovizungusha kwa kasi hadi uchafu ukashuka chini, akavuta maji ya juu kwa kibomba, tone baada ya tone, na yaliyobaki akayamwaga. Alipomwaga mara ya pili Mzee Lubinza hakuvumilia, akafungua mlango.

"Mwanangu, huyo unayemmwaga ni Diwani."

"Huyu ninayemmwaga ni mchuzi, baba. Diwani ninaye mkononi."

Akarudia mara ya tatu, na maji yakawa safi hivi kwamba ungedhani ni ya kisima kipya.

Zamu ikawa ya Tulinagwe. Kazi yake ilikuwa kuuita uzi utoke ndani ya maji, nao hautoki ila kwa spiriti, tena baridi mno. Asubuhi ya siku ya nne umeme ulikatika. Hadi saa sita friji ilikuwa ikidondosha maji, na spiriti ilikuwa na joto la uji. Gaudensi alishauri wamwage hivyo hivyo. Tulinagwe hakubishana. Alichukua ndoo akaenda sokoni, akarudi na barafu aliyoipata kwa mwuza samaki, ikinuka sato, na juu yake barafu za watoto, nyekundu na za machungwa, kwa kuwa ya samaki haikutosha. Akaizika chupa ya spiriti humo, akanyunyiza chumvi ili baridi izidi, akaketi mbele ya ndoo akisubiri. Mzee Lubinza alijikuta anasubiri naye, na barafu moja ya machungwa, iliyokuwa inayeyuka bure, wakagawana.

Alipomimina spiriti kwenye kichupa hakikuonekana kitu. Umeme uliporudi akakizungusha, bado hakikuonekana kitu. Gaudensi akasema kwa huzuni kwamba ni kitupu, na Bi Mwanahija akaanza kuvua glavu zake. Mzee Lubinza akaona sura ya Jilala ikipokea dume la bure.

Tulinagwe alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Kipo," alisema. "Kimekaa ubavuni hapa. Msikitikise."

Akamwaga spiriti kwa kukilaza kichupa, akasuuza mara moja, akakiacha kikauke, akadondosha matone mawili ya maji safi mahali ambapo wengine hawakuona kitu. Kisha mashine ya chuo ikayasoma matone yale, ikayalinganisha na nywele za mama.

Jibu lilisomwa barazani na mkuu wa chuo mwenyewe. Mwenye mfupa alikuwa dume, tena mwana wa mama yake Diwani, na ng'ombe yule hakuwahi kuzaa dume jingine. Jilala akasimulia, bila ukali, kwamba alimkuta Diwani katikati ya mtama wake kwa mara ya sita, na harusi iko mlangoni, na hasira ikamshinda. Akakubali kulipa dume, ila akaliomba baraza likumbuke kwamba mlalamikaji alikula mabakuli mawili, nayo yahesabiwe. Baraza lilijadili hoja hiyo kwa saa nzima, likaamua kwamba Lubinza alipwe dume, ila aukose ukwato mmoja wa supu ambao alikuwa amedai aongezewe juu yake. Kwandu alicheka mpaka akakaa chini.

Ikabaki ahadi. Mtamba mweupe akaletwa na kamba yake, na mafundi watatu wakaja, wamevaa vizuri. Mzee Lubinza aliwauliza ni nani kati yao aliyemtoa Diwani.

Gaudensi alisema bila kusaga, mfupa ungebaki mfupa, na wenzake wangekaa wanautazama. Bi Mwanahija alisema unga wa Gaudensi ulizaa supu tu, na supu ya Diwani watu walikwisha kuinywa harusini bila kumtambua. Tulinagwe alikawia kusema, kisha akasema kwamba wenzake hao wawili walikuwa tayari kukitupa kichupa wakidhani ni kitupu.

Mzee Lubinza alifikiri watatu wamiliki pamoja. Kwandu akamkumbusha kwamba aliapa ni wa mtu mmoja, na kwamba ng'ombe wa watu watatu hufa kiu, kila mmoja akidhani mwenzake kamnywesha. Akafikiri amwachie mtamba achague mwenyewe. Wakamfungua kamba, mtamba akawanusa wote watatu kwa adabu, akageuka akaenda zake kwa mama yake.

Wakamrudisha. Mzee Lubinza akaishika kamba, akawatazama mmoja mmoja: mikono ya yule iliyochubuka kwa mfupa, macho ya yule mwingine yaliyoona kisafi ndani ya kichafu, na yule binti aliyegawana naye barafu na kuamini kisichoonekana. Baraza zima lilikuwa linamngoja yeye, na neno la mzee wa kijiji chao halirudi kinywani.

Mimi nimefika hapo, na zaidi ya hapo sikusimuliwa. Haya, nyinyi mliosikia kila kitu na hamna ng'ombe wa kupoteza: kamba hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani, na wale wawili wengine mngewaambia nini?