Gauni la Kuombea Ufadhili

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na tajiri mwenye chuo cha ushonaji, na kila mwaka alimfadhili msichana mmoja wa upande wetu akasome huko miaka mitatu. Sharti lake lilikuwa moja: mwombaji awe fukara. Kwa kuwa ufukara hauna cheti, wakala wake alitazama nguo.

Basi pakawa na gauni. Binti wa Mama Stamili alilivaa akapata nafasi, na tangu hapo likaazimwa nyumba kwa nyumba. Lilikuwa na matundu saba na bega lililochanika, wala hakuna aliyethubutu kulifua. Waliolivaa walivuka. Waliojua kushona lakini wakaenda na nguo nzima walirudishwa.

Nyamizi alikuwa binti wa fundi cherehani. Alitaka kujifunza kukata makoti, kazi ambayo mama yake hakupata mtu wa kumfundisha. Waliozidi miaka ishirini hawakupokelewa, na mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake. Siku moja kabla ya usaili, Mama Stamili akamletea gauni. Nyamizi akalitundika mlangoni, akaenda kuteka maji. Mama yake akapita, akaona bega limechanika. Hakuuliza, mikono yake haikujua kuacha kitu kimechanika. Nyamizi aliporudi, bega lilikuwa zima na matundu yote saba yamezibwa kwa mishono midogo, isiyoonekana mpaka uitazame kwa karibu.

Asubuhi Mama Stamili akaja, akaliona gauni, akashika kichwa. “We mtoto, fumua hiyo mishono upesi! Unadhani kule wanapima akili? Wanapima matundu!” Akampa wembe.

Nyamizi akauweka wembe kwenye mshono wa kwanza. Mama yake alikuwa uani akikoroga uji, hajui lolote. Nyamizi akauondoa wembe. Kisha akamrudishia Mama Stamili wembe wake, akalivaa gauni likiwa zima, akaenda.

Wakala akamzunguka mara mbili. “Gauni hili nalijua. Matundu yako wapi?”

“Ameyaziba mama yangu,” akajibu Nyamizi. “Tazama mishono yake. Nimekuja kuongeza ujuzi juu ya huu, sikuja kuuficha.”

Wakala hakutazama mishono. Alimwita anayefuata.

Mama Stamili alipokwenda kulidai gauni lake, alilikuta limefuliwa kwa mara ya kwanza, limeanikwa kando ya barabara wanakopita waombaji. Lilikuwa safi, halifai tena kuombea. Nyamizi alikuwa chini yake na mkasi, akikata koti lake la kwanza kwa kubahatisha. Mkono mmoja ulitoka mfupi. Akaufumua, akaukata upya.

Ninyi mliovuka, semeni: mlifumua mishono ya nani?