Mshono Ndani ya Kofia ya Vita

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana baiskeli zilikwishafika, aliishi katika nchi ya Igombwe mwanamke aitwaye Nyamizi, na mama yake alikuwa anakufa.

Mtemi wa nchi hiyo aliwahi kuona picha ya askari wa Kijerumani, kofia ngumu kichwani, ncha ya shaba imesimama utosini. Akaingiwa na tamaa. Akaamuru askari wake kumi na wawili watengenezewe za namna hiyo kwa ngozi ya nyati, na bangili za shaba ziyeyushwe ziwe ncha. Kwa nje kofia zote zilikuwa sare. Lakini ndani kila mke alitia bitana na kuishona kwa mshono wake mwenyewe, ili mumewe akifa ugenini, kofia ijulikane ni ya nani. Mwili usiporudi, mjane huitunza kofia mpaka siku yake, kisha wanazikwa kaburi moja. Mjane anayezikwa peke yake, walisema watu wa Igombwe, hana wa kumpokea huko aendako.

Baba yake Nyamizi hakurudi vitani. Ilirudi kofia. Mama yake, Bi Kabula, aliiweka chini ya kitanda miaka arobaini, na alipopofuka akawa anaipapasa kila asubuhi. Sasa alikuwa hawezi hata kuinama. Aliomba jambo moja tu, awekewe kofia kifuani. Nyamizi akachungulia chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu.

Akamwendea kaka yake, Kapaya. Kapaya hakukana. Mwezi uliopita, alisema, Bwana Saguda wa mjini alipita Igombwe akikusanya kofia kuukuu za vita. Yeye alimpa ya baba, akapewa baiskeli.

"Dada, mama alikuwa amelala siku tisa, hasemi, hali. Nilijua hataiulizia tena. Na baiskeli hiyo ndiyo niliyoipanda kumfuata mganga, na mganga ndiye aliyemwamsha. Kosa langu ni lipi?"

Nyamizi akashika njia, akatembea kutwa nzima mpaka mjini. Bwana Saguda, masikini, hakuwa mtu mbaya. Alimpa chai, akamsikiliza, akamwambia achukue iliyo yake na aende nayo. Kofia kumi na moja zilipangwa ukutani, zinang'aa. Ya kumi na mbili ilipotelea vitani. Nyamizi akaishusha ya kwanza, akatia mkono ndani. Tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Alipofika ya kumi na moja, nayo tupu, akaketi sakafuni.

"Binti yangu," akasema Bwana Saguda, "bitana zilijaa wadudu. Ningeziacha, ngozi nayo ingeliwa. Tena kofia halisi za Wajerumani hazikuwa na nyuzi za rangi ndani, nami nilitaka hizi zifanane nazo. Hakuna aliyeniambia zile nyuzi ni za nini. Zilikuja zote katika gunia moja, nikazipeleka zote kwa fundi. Nimeziokoa zisioze. Kosa langu ni lipi?"

Fundi huyo alikuwa Lugendo, mshona viatu, naye ni mzaliwa wa Igombwe. Huyu alijua. Nyamizi alipomfuata kibandani kwake, Lugendo hakumtazama usoni.

"Nilijua," akasema. "Lakini kofia walizitoa watoto wa marehemu kwa mikono yao. Wenye baba wamenyamaza, mimi niseme kama nani? Sikuzitupa bitana jalalani. Nilizichoma kwa heshima. Kosa langu ni lipi?"

Nyamizi akaondoka kibandani. Alirudi kwa Bwana Saguda akachukua kofia moja, ya tatu kutoka mlangoni, kwa sababu mkono ulifika hapo kwanza. Akanunua kitambaa na uzi mwekundu. Njiani akaketi, akatia bitana, akashona mshono wa mama yake aliofundishwa angali mdogo. Mbili mbele, moja nyuma, kifundo. Mbili mbele, moja nyuma, kifundo. Alishona huku analia, maana alijua anachokifanya.

Akamwekea mama yake kofia kifuani. Vidole vya Bi Kabula vikaingia ndani, vikazunguka, vikarudi pale vilipoanzia.

"Mwanangu, huu ni mkono wako. Wewe huvuta uzi mno, nimekukanya tangu utotoni. Ya baba yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Bi Kabula akaisukuma kando kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo. "Basi nitakwenda peke yangu."

Ng'ombe hawajarudi malishoni, akawa amekata roho. Wakamzika peke yake, kwa kuwa neno la anayekufa halivunjwi. Kofia ikabaki mlangoni, hakuna wa kuigusa.

Na huenda, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa yenyewe. Mtu huweza kubahatisha moja katika kumi na moja. Angeipeleka tupu na kusema kweli, pengine mama angeipokea, pengine asingeipokea. Nyamizi hajui na hatajua. Wale watatu waliuliza kosa lao ni lipi. Yeye hakuuliza, na mpaka leo hagusi sindano.

Sasa semeni nyinyi. Yuko Kapaya aliyeitoa kofia akamrudisha mama, yuko Saguda aliyeiokoa ngozi, yuko Lugendo aliyejua akanyamaza, na yuko Nyamizi aliyeshona kwa mapenzi. Je, ni nani aliyemzika Bi Kabula peke yake?