Sikudhani na Mpira wa Koche

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na majirani wa kugombana nao, kulikuwa na binti wa Digidigi aliyeitwa Sikudhani. Alikuwa mdogo, mwembamba wa miguu, na kwa mbio hakuna aliyemfikia. Ulikuwa ukimwona hapa, ukipepesa jicho tu, yuko kule!

Mji wao ulikuwa na bwawa moja. Kila kiangazi kilipokaza, wanyama wakubwa na wanyama wadogo walishindana kwa mpira. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa rungu, kisha anatimua mbio kuzunguka mawe ya uwanja mpaka arudi alipoanzia kabla wapinzani hawajaushika mpira. Walioshinda walikunywa asubuhi, maji yakiwa safi. Walioshindwa walingoja jioni, wakanywa tope.

Na wanangu, miaka nenda miaka rudi, waliokunywa tope ni wadogo.

Mpira wenyewe ulikuwa koche, lile tunda gumu la mkoche, lililozungushiwa kamba ya katani. Kiangazi kilichopita Nyani, mrushaji wa wakubwa, aliurusha ukampata Sikudhani puani. Pu! Damu chururu! Pua ilipona, lakini moyo haukupona. Tangu siku hiyo, kila mpira ulipomjia, Sikudhani alifumba macho, akapiga kelele "Ziii!" na kuruka pembeni.

"Mbio anazo," alisema Kindi, nahodha wa wadogo, akidhani Sikudhani hayupo karibu. "Lakini mbio bila kupiga ni za nini? Tutakunywa tope tena, basi."

Sikudhani alikuwa nyuma ya ua. Alisikia yote. Akaenda nyumbani, chakula kikamshinda, na kulipopambazuka akaenda kubisha kwa jirani yao, Bi Nguchiro, yule mdogo wa umbo anayepigana na nyoka na kuwashinda.

"Hodi! Shikamoo, Bi Nguchiro."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba hivyo?"

"Bibi, wewe unapopigana na nyoka, huogopi?"

"Naogopa!" alisema Bi Nguchiro. "Tena sana. Mkia wote unanisimama."

"Sasa unamshindaje?"

"Namtazama. Siku nikifumba macho, nimekwisha."

"Basi nifundishe nisiogope mpira."

"Ah, hilo la kutoogopa silijui. Mimi nitakufundisha kutazama tu. Kaa pale. Rungu liache, leo huna kazi nalo."

Bi Nguchiro akaingia ndani, akatoka na kapu la mipira iliyoshonwa kwa kanga kuukuu, yote sawa kwa ukubwa. Mmoja alikuwa ameupaka doa la mkaa, mwingine doa la chokaa, mwingine doa la udongo mwekundu.

"Nitakurushia," akasema. "Wewe usiupige, usiudake. Niambie tu doa lake rangi gani."

"Ukinipiga puani je?"

"Ubonyeze kwanza."

Sikudhani akaubonyeza. Kumbe ndani mna usufi mtupu, laini kama mto wa kulalia! Akacheka.

Vuu! "Doa gani?"

"Sijaona, nilifumba!"

Vuu! "Doa gani?"

"Je... jeusi?"

"Jeupe! Unabahatisha, mwanangu."

Vuu! Vuu! Mpaka jua likawa kali, na Sikudhani akawa anapaza sauti kabla hata mpira haujafika: "Jeusi! Jekundu! Jeupe! Jekundu tena!" Baadaye Bi Nguchiro akamwonyesha na jambo la pili. Mpira ukija mwilini, usiruke ovyo. Geuka, ficha uso, uupe mgongo nafasi ya kuupokea. Baada ya hapo ndipo akamruhusu kushika rungu.

Basi Sikudhani alikuja kila asubuhi. Asichokijua ni kwamba kila jioni Bi Nguchiro alikaa mlangoni na sindano yake, akifumua mipira na kubadilisha vilivyomo ndani. Alitoa usufi akatia pumba. Alitoa pumba akatia mchanga. Kanga ilikuwa ileile, na madoa yalikuwa yaleyale.

Asubuhi moja Bi Nguchiro alirusha kwa nguvu, mpira ukapinda. Sikudhani akauona unamjia. "Jeusi!" akasema, akageuka, akaficha uso. Pu! Ukampata pajani.

"Umekuuma?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Kidogo. Rusha mwingine!"

"Njoo kwanza uubonyeze huo."

Sikudhani akaubonyeza. Haukubonyea. Akauchana kwa meno, na ndani, gumu na la kahawia, akaliona koche lenyewe!

"Bibi! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo," akasema Bi Nguchiro, wala hakuona haya. "Wiki nzima unapiga makoche, mwanangu, na pua yako hiyo hapo, nzima!"

Sikudhani alitaka kukasirika. Kicheko kikamtangulia.

Siku ya mashindano ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani, vumbi tifu! Mchezo ukaenda, ukaenda, mpaka wadogo wakabakiwa na mpigaji mmoja wa mwisho. Kindi alikuwa amekwama kwenye jiwe moja, na mwenzake Pelele kwenye jiwe lingine. Wakirudi wote wawili pamoja na mpigaji, ushindi ni wa wadogo. Mpigaji akikosa mara tatu, mchezo umekwisha.

Na mpigaji huyo ni nani? Sikudhani!

"Ha! Ha! Ha!" Nyati, nahodha wa wakubwa, alicheka mpaka mapembe yakatikisika. "Si huyu aliyelilia pua? Nyani, mkumbushe!"

Nyani akazungusha mkono wake mrefu. Vuuu!

Magoti ya Sikudhani yakagongana, ka-ka-ka. Mpira ulimjia usoni hasa. Hofu ilikuwa ileile ya mwaka jana, haikupungua hata chembe. Lakini macho yake yalikuwa wazi, na yakatafuta doa. Hapakuwa na doa. Palikuwa na uzi mmoja wa katani uliofumuka, unapepea. "Nauona," akasema moyoni. Akageuka, akaficha uso, mpira ukampita nyuma ya sikio, fyuu! Mpira wa kumlenga mtu haukuhesabiwa, basi alikuwa bado hajakosa.

Hakuna aliyejua kwamba aliutazama. Walichokiona ni magoti yanayogongana.

"Anatetemeka! Anatetemeka!" wakubwa walishangilia. Tembo, aliyekuwa amesimama mbali kulinda mipira inayopigwa mbali, akaja karibu apate kuona vizuri. Nyati akaketi chini kabisa, akaanza kucheua.

Sikudhani akatazama mahali alipotoka Tembo. Pako wazi! Hapo wazo likamjia, wala si Bi Nguchiro aliyempa.

Vuuu! Nyani akarusha tena, na safari hii mpira ulipita katikati, mzuri wa kupigwa. Sikudhani akapiga kelele, "Ziii! Mama yangu weee!" Akaruka pembeni, akalitupa rungu, akajifunika uso kwa kwato.

"Moja hiyo! Amekosa!"

"Sikudhani, jamani!" Kindi alilia kutoka kwenye jiwe lake.

Kwenye watazamaji, Bi Nguchiro alibaki mdomo wazi. Kisha akaona, kati ya kwato mbili, jicho moja kubwa linamkonyeza. Akajiziba mdomo upesi asicheke.

"Mwoneeni huruma," alisema Nyani, akijishika mbavu. Sasa hata Tembo alikuwa ameketi. "Haya, kitoto, okota rungu lako, chukua wa kubembelezwa."

Akaurusha taratibu, kama anayemrushia kuku mtama.

Sikudhani aliuona unatoka mkononi. Aliuona uzi unapepea. Aliuona unakua, unakua, unakua...

TWAA!

Koche likapaa! Likapita juu ya Nyani, likapita juu ya Nyati, likapita juu ya masikio ya Tembo, likaanguka mbali kule, vichakani.

"Simama, Tembo! Simameni!" Nyati alifoka, naye mwenyewe miguu imemfa ganzi. Tembo akajikongoja, puu, puu, puu. Kindi karudi! Pelele karudi! Na Sikudhani? Sikudhani hakuonekana, lilionekana vumbi lake tu. Tembo alipolishika koche, yule binti alikuwa amekwishafika, anahema, na wadogo wote wamemrukia.

"Tumeshinda! Tumeshinda!" Vigelegele vikavuma uwanja mzima.

Nyani akaja, mikono inaburuta. "Kumbe ulikuwa unajifanya kutetemeka!"

"Mara ya pili, ndiyo," alisema Sikudhani. "Mara ya kwanza nilitetemeka kweli."

Kesho yake asubuhi wadogo walishuka bwawani na watoto wao, maji meupe kama kioo, nao wakubwa wakakaa kivulini wakingoja jioni. Sikudhani alikunywa mpaka tumbo likamjaa, akajimwagia kichwani, akamrushia na Kindi, chubwi!

Na hadithi yangu imefika mwisho wake, wanangu, funzo lake ni hili: kuogopa si aibu, ila kinachokuogopesha kitazame, ndipo utakapojua pa kukipiga.