Upepo Alioutoa Mwenyewe

"Nirudishie elfu ishirini na nane yangu, mwizi wewe."

Wapendwa, ndivyo muuza maziwa mmoja alivyomwambia fundi wa baiskeli, gulio limejaa, watu wanasikia. Juzi yake fundi alimfungia ringi mpya ya nyuma na mpira mpya wa ndani. Leo mpira umepasuka, ringi imepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa, na madumu mawili ya maziwa yamemwagika mteremkoni. Anasema ameuziwa takataka. Wateja watatu waliokuwa wakisubiri zamu wakashika baiskeli zao, mmoja mmoja, wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Fundi akafungua tairi, akauchomoa mpira, akauinua juu watu wauone. Matundu mawili, yamekaa sambamba kama alama za meno ya nyoka.

"Msumari unatoboa tundu moja," akasema. "Haya mawili ni mpira kubanwa kati ya jiwe na ringi. Tairi haikuwa na upepo wa kutosha. Juzi nimeijaza mpaka kidole gumba hakibonyezi. Nani kautoa?"

Mnajua nani kautoa? Mwenyewe. Tairi ikiwa ngumu, mawe ya mlimani yanamtikisa kiuno. Akaupunguza upepo ili akae raha, akapakia madumu, akateremka. Na ilipopata pancha hakushuka kuikokota. Akaendelea kuiendesha, maziwa yasichelewe, ringi inagonga mawe hadi chini bondeni.

Sasa sikieni alichofanya. Alimsogelea fundi, akainama, akamnong'oneza kwamba basi yaishe, zilikuwa hasira tu.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akahesabu elfu ishirini na nane, akamwekea kiganjani. Gulio zima likapigwa na butwaa. Mtu asiye na kosa analipa?

"Hela yako hiyo, kaka," fundi akasema. "Na mimi nirudishie jina langu. Ulilichukua kwa kelele, usinirudishie kwa kunong'ona."

Ndugu zangu, huyo muuza maziwa ni sisi. Onyo lililo gumu linatutikisa, basi tunalipunguza mpaka linakuwa laini, tunakaa raha. Tukishagonga jiwe tunatafuta wa kumwita mwizi: mke, jirani, mtunza hazina wa jumuiya. Tunamtukana mtu kwenye kikao, halafu tunamwomba radhi kwa simu, tena tumejifungia chumbani. Hapo umelipa nini? Wengine wataiita toba. Mimi nauita ujanja.

Kwa hiyo vikapu vya sadaka visubiri. Kama umemchafua mwenzako mbele ya watu, inuka, rudi mbele ya watu walewale, useme kwa sauti ileile. Mlipe jina lake. Lote, na leo.