Onyo Lililonyamazishwa

Hospitali ile ilikuwa na mafundi wawili wa kompyuta, na tabia zao zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Mkuu wa kitengo alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Mama Nyaya, kwa kuwa hapakuwa na waya uliopita katika kuta zile ambao hakujua ulikotoka na ulikokwenda. Alilalamika kabla kitu hakijaharibika, na alilalamika tena kikishatengenezwa. Msaidizi wake alikuwa kijana mtanashati, mchapakazi, mwenye vidole vyepesi kama vya mfumaji. Huyu walimwita Bwana Shwari. Ukimuuliza habari za kazi, shwari. Ukimuuliza habari za mtandao uliokatika tangu asubuhi, shwari, unarudi sasa hivi. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata nyumba ikishika moto, yeye atasema leo kuna joto kidogo.

Bwana Shwari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu tu, ile aibu ya mtu asiyependa kuonekana ameshindwa, na watu wa namna hiyo hujifunza mapema kufunika kombe mwanaharamu apite.

Mwaka ule Mama Nyaya alikuwa anakaribia kustaafu, na Bwana Shwari alikitamani kiti chake kwa moyo wote. Mganga mkuu akampa kazi iliyofanana na mtihani. Hospitali ilikuwa imepata mfumo wa kufuatilia afya ya seva, yaani zile kompyuta kubwa zilizotunza mafaili na picha za wagonjwa. Mfumo wenyewe ulikwisha kuwekwa. Kilichobaki ni kuutengenezea kurasa za wavuti, ili mtu akifungua kompyuta yake aione kila seva na hali yake: kijani ni nzima, njano inaumwa, nyekundu ni mahututi. Ukurasa mmoja ulikuwa wa mafundi. Wa pili ulikuwa wa runinga kubwa iliyotundikwa ukumbini, nje ya ofisi ya mganga mkuu.

"Nataka wageni wetu wakipita hapa waone kwamba tumejipanga," mganga mkuu alimwambia. "Kijani, kijana wangu. Nataka kuona kijani."

Bwana Shwari aliifanya kazi ile kwa raha. Alizipanga safu, akachagua herufi nene ambazo hata asiye na miwani angezisoma kutoka mwisho wa ukumbi. Alipouunganisha ukurasa na seva zenyewe, safu zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani, mpaka ilipofika zamu ya seva ya picha. Hiyo ikawaka njano.

Akaibonyeza asome. Seva ile ilikuwa na diski mbili zilizobeba kumbukumbu zilezile, ili moja ikianguka nyingine iendelee na kazi. Moja ilikuwa imeanguka. Chini yake palikuwa na onyo jingine: nakala ya akiba, iliyopaswa kunakiliwa kila siku kwenye mashine ya pembeni, ilikuwa imeacha kunakiliwa. Na sababu yake Bwana Shwari aliijua vizuri. Walipohamisha mashine kwenda chumba kipya, yeye ndiye aliyeahidi kuielekeza kazi ile kwenye mashine mpya ya akiba. Alisahau.

Kununua diski kulihitaji saini ya mganga mkuu, na mganga mkuu angeuliza, na Mama Nyaya angeuliza zaidi. Kiti alichokuwa akikiota kingeyeyuka mbele ya macho yake. "Nitaitengeneza kimyakimya," akajiambia. Mfumo ule ulikuwa na kitufe cha kunyamazisha onyo, kilichowekwa kwa ajili ya mashine iliyozimwa makusudi ili itengenezwe. Akakibonyeza. Safu ikageuka kijani. Kisha, kwa kuwa alikuwa na haraka, akaunakili mpangilio wa ukurasa wa runinga na kuuweka kwenye ukurasa wa mafundi, na ule ukimya nao ukahamia huko. Hivyo hata Mama Nyaya akawa amefungwa kitambaa machoni bila kujua.

Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi. Mganga mkuu alimshika bega Bwana Shwari mbele ya wakuu wa idara zote. Mama Nyaya peke yake alisimama mbele ya runinga akiwa amekunja uso.

"Zote kijani?" akauliza. "Mimi na mashine hizi tumezeeka pamoja, sijapata kuona siku ambayo zote ziliamka nzima. Hakuna inayokutia wasiwasi, mwanangu?"

"Shwari, Mama."

"Haya. Basi mimi nikastarehe, nimempata wa kumwachia kazi."

Maneno yale yalimchoma kijana kuliko tusi. Alijaribu kuirudisha nakala ya akiba, lakini diski iliyobaki ilikuwa inasoma kwa kusuasua na kazi ikakwama katikati. Akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na kila asubuhi alipopita ukumbini aliitazama ile rangi ya kijani kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo aliyemlipa mwenyewe. Chakula kikawa hakimshuki. Mkewe alipomuuliza ana nini, unajua alijibu nini.

Ndipo akaletwa seremala mmoja aliyeanguka kutoka juu ya paa. Alipigwa picha ya kichwa, na picha ikaonyesha damu iliyoganda mahali pabaya. Siku chache baadaye mashine iliyopiga picha ile ikafunguliwa kwa matengenezo, vipande vyake vikatandazwa sakafuni. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo alikuwa anakuja kutoka mbali, kwa siku hiyo moja tu. Picha ya seremala ilikuwa mahali pamoja duniani: ndani ya seva ile.

Asubuhi ya upasuaji, daktari bingwa aliosha mikono, akaagiza picha ifunguliwe kwenye skrini. Haikufunguka. Wakajaribu tena. Skrini ilizunguka na kuzunguka, kisha ikaandika kwamba faili halisomeki.

"Sipasui kichwa cha mtu kwa kupapasa," daktari bingwa alisema. "Mnipe picha, au mgonjwa arudi wodini. Na akirudi wodini leo, sidhani kama atanisubiri."

Mganga mkuu alitoka mbio mpaka ukumbini. Chini ya runinga alikuwa ameketi mke wa seremala, viatu vya mumewe vikiwa mapajani. Bwana Shwari naye alifika akitweta. Wote watatu wakatazama juu. Kijani, kijani, kijani.

"Mwanangu," yule mama alimuuliza Bwana Shwari kwa upole, "muuguzi aliniambia rangi hii maana yake mashine zote ni nzima. Sasa picha ya mume wangu imekwenda wapi?"

Bwana Shwari hakungoja aulizwe tena. Akageuka, akakimbilia chumba cha seva.

Mama Nyaya alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimama mbele ya seva ya picha, macho kwenye ukurasa wa mafundi, kidole kwenye kitufe cha kuizima.

"Seva ni nzima, na mtandao ni mzima," alisema bila kugeuka. "Basi ni programu imeganda. Naizima niiwashe upya, hakuna njia nyingine."

Bwana Shwari alijua kitakachofuata. Diski inayokata roho, ukiizima haiamki. Mama angebonyeza, seva ingekufa, na kila mtu angesema imekufa mikononi mwa Mama Nyaya. Hakuna ambaye angejua. Ule ukimya ungeondolewa baadaye, rangi ingebadilika, na kiti kingebaki palepale kikimngoja. Ilikuwa siri iliyofungwa vizuri kuliko zote alizowahi kufunga. Lakini ndani ya siri hiyo alikuwamo seremala, na alikuwamo mwanamke huyu aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika bisibisi.

"Usibonyeze, Mama!" akapiga kelele. "Inaumwa! Seva inaumwa, diski moja ilishakufa na hii nyingine inakufa, na nakala ya akiba hatuna. Mimi niliinyamazisha. Nilisahau kuielekeza nakala, nikaona aibu, nikaficha."

Mama Nyaya aliurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipotengeneza kurasa."

"Na mimi siku zote hizi nilikuwa natazama nini?"

"Rangi, Mama. Nilikuwekea rangi tu."

Mama Nyaya aligeuka kumtazama, na uchungu uliokuwa usoni mwake Bwana Shwari hakuusahau maisha yake yote. Kisha akavuta kiti. "Nitakugombeza baadaye, na nitakugombeza sana. Sasa kaa hapa. Mtu yeyote asiiguse seva hii kwa kazi nyingine. Wapigie idara zote waache kufungua picha, tuipunguzie mzigo. Halafu tutafute faili moja tu, la seremala."

Kwa kuwa sasa ugonjwa ulijulikana, tiba nayo ilijulikana. Waliifungia seva milango yote, wakaachia kazi moja ipite. Ilisoma, ikasimama, ikasoma tena. Bwana Shwari hakusema shwari hata mara moja. Kila kosa lililotokea alilitaja kwa sauti, na kila alipolitaja Mama Nyaya alipata njia ya kulikwepa. Picha ilipokamilika kwenye mashine nyingine, kijana aliipeleka mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, akashindwa kuzuia machozi.

Seremala alipona. Picha nyingine nyingi ziliokolewa baada ya hapo. Baadhi zilipotea moja kwa moja. Bwana Shwari alitakiwa kuwapigia simu wenyewe, mmoja mmoja, awaombe warudi kupigwa picha upya. Wengine walimtukana, naye akawaambia wana haki. Kiti cha mkuu wa kitengo hakukipata mwaka ule.

"Lakini hatumfukuzi," mganga mkuu aliamua. "Alificha kwa sababu na mimi niliagiza rangi, sikuagiza ukweli." Akatia saini ya diski mpya palepale akiwa amesimama.

Kurasa zikatengenezwa upya na mikono ileile. Safari hii Mama Nyaya alikaa kando yake, akamwagiza aweke safu mpya juu kabisa ya kurasa zote mbili: kila onyo lililonyamazishwa, jina la aliyelinyamazisha, na sababu yake. Asiyetaka jina lake lisomwe ukumbini, asinyamazishe kitu.

Wageni waliposhangaa siku moja kuona runinga ina njano sehemu mbili, mganga mkuu hakuona haya. Aliwaita wasogee karibu, akawaonyesha kila njano ni ugonjwa gani na fundi gani anautibu. Bwana Shwari, bisibisi mkononi, alikuwa tayari njiani kwenda kuutibu mmojawapo, na ilikuwa siku yake ya kwanza baada ya muda mrefu kula chakula kikamshuka. Siri yake ilikuwa imemfikisha pembeni mwa kaburi la seremala, akaelewa kwa nini wahenga hawakumwonea huruma mtu wa aina yake waliposema: mficha maradhi, kifo humuumbua.