Jicho la Kushoto la Mzee Mwakalobo

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akae nyuma, maana hadithi hii mimi nitaifikisha mlangoni tu. Kuingia ndani mtaingia wenyewe.

Palikuwa na kundi la watu wapendao kuchora, na kundi hilo halikuwa na nyumba wala uwanja. Lilikuwa ndani ya simu. Wanakundi walizidi mia mbili, wengi wao hawajawahi kuonana, lakini kila mmoja aliujua mkono wa mwenzake. Ukichora, unapiga picha kazi yako, unaituma, nao wanakusahihisha.

Humo walikuwamo walimu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mwalimu Seif wa Pemba, mstaafu, alikuwa na jicho la kupima. Mwonyeshe uso, atakwambia pua imezidi kwa upana wa punje ya mchele, na ukipima utakuta kweli.

Nekesa wa Bungoma, mchora mabango ya maduka, alikuwa na mkono wa rangi. Alichanganya rangi tatu ukapata ngozi ya mtu aliyetoka shambani, akageuza kidogo ukapata ngozi ya huyo huyo ameshaoga na kujipaka mafuta.

Bi Salha wa Lindi, msimamizi wa kundi, hakuwa mchoraji wa kutisha, na mwenyewe alikiri. Kipaji chake kilikuwa moyo. Mtu akikata tamaa, Bi Salha humpigia hata mara tatu kwa siku. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba kazi ikishasahihishwa, ile ya kwanza yenye makosa inafutwa kila mahali, ili mwanafunzi asije akachekwa nayo.

Mwanafunzi wetu ni Tupokigwe wa Tukuyu, mshona sare za shule, mama wa watoto wawili, aliyeanza kushika brashi akiwa na miaka arobaini. Alianza kwa sababu moja. Baba yake, Mzee Mwakalobo, alifariki yeye akiwa na miaka kumi na miwili, na picha pekee iliyokuwa nyumbani iliharibiwa na mvua. Mvua ya Tukuyu haina adabu. Ilipenya bati, ikaingia kabatini, ikaila sura yote ikaacha kola ya shati. Mama yake sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na aliomba jambo moja tu: amwone mumewe tena kabla hajamfuata.

Tupokigwe akachora kwa kumbukumbu, juu ya kipande cha plaiwudi. Mkono wake ulikuwa bado mzito, lakini sura ilitoka. Mzee Mwakalobo aliangukiwa na gogo ujanani, na tangu hapo jicho lake la kushoto lilikaa chini ya la kulia, shavu likalifuata, mdomo nao ukavutika upande huo kana kwamba anazuia kicheko. Mama akaupokea ubao, akautazama, kisha akaukaripia: "Ndiyo saa za kurudi hizi? Chakula kimeshapoa!"

Akacheka, akalia, akaulaza ubao mapajani.

"Nitaitengeneza iwe nzuri zaidi, mama," Tupokigwe akasema.

"Uitengeneze nini? Mbona ndiye?"

Tupokigwe alidhani mama anasema kwa mapenzi, na mapenzi hayajui vipimo. Akaituma picha kundini.

Mwalimu Seif alijibu upesi. "Hongera, mwanangu. Lakini angalia hapa." Akapitisha mistari miwili myekundu juu ya picha. "Jicho la kushoto limeshuka, na mdomo umepinda. Kwa nini?"

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo nafasi ilipokuwa. Maneno matatu yangetosha: "Ndivyo alivyokuwa, Mwalimu." Na aliyaandika. Kisha akawaza, huyu ni mtu mzima, kafundisha miaka thelathini, na mimi fundi cherehani ndiye wa kumjibu? Akayafuta. Akaandika, "Samahani Mwalimu, nimekosea."

Mwalimu Seif akamfundisha jioni kumi na mbili mfululizo, bila ujira wowote, jinsi uso unavyogawanywa na macho yanavyokaa kwenye mstari mmoja. Bila yeye, Tupokigwe asingejua kuchora uso hata wa mdoli.

Nekesa naye akamwambia, "Dadangu, usirekebishe juu ya uchafu. Piga msasa ubao wote, paka rangi nyeupe mara mbili, uanze upya." Tupokigwe akafanya hivyo. Nekesa akamtumia video fupi fupi za kuchanganya rangi, mpaka Tupokigwe akaipata ngozi ya wazee wa mashamba ya chai, nyeusi yenye wekundu ndani. Bila Nekesa, picha ingebaki na rangi ya tope.

Katikati ya kazi Tupokigwe alikata tamaa mara mbili, na mara zote mbili Bi Salha alimpigia. "Mwanangu, brashi haijamuua mtu. Oga, kula, kisha urudi." Akarudi. Bi Salha akaifuta ile picha ya kwanza kundini, akamwomba naye aifute kwenye simu yake. Aliifuta, tena kwa furaha, kama mtu anayetupa viatu vilivyochanika.

Picha mpya ilikuwa kitu kingine kabisa. Kundi zima liliishangilia, na mwisho wa mwaka ikachaguliwa kuwa bora kuliko zote.

Mama akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema kwa adabu. "Ni nani?"

"Mama, si baba?"

"Baba yako?" Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Labda ndugu yake aliyesoma."

Tupokigwe akairudisha picha mezani. Akashika brashi, akalishusha jicho. Akapata mtu mzuri aliyepigwa ngumi. Akapindisha mdomo, akapata mlevi. Akajaribu ubao wa pili, akajaribu wa tatu. Mkono ulikuwa umeshajua kuchora, na haukukubali tena kutojua. Alijuta akishona, akajuta akipika, akajuta hata kanisani watu wakiimba. Mama hakumlaumu. Aliitundika picha sebuleni, akawa anaipita kwa heshima, kama apitavyo mgeni wa watu wengine.

Sasa, kundi lile lina desturi. Mchoraji wa picha bora hapewi kitu, kwani ujuzi kashaupata. Yeye humtaja mwalimu mmoja, mmoja tu, apewe sanduku la rangi za mafuta na brashi ishirini, lililonunuliwa kwa michango ya wote. Tupokigwe akaona hawezi kumtaja mtu na huku ameficha ukweli. Akawasimulia wote watatu.

Mwalimu Seif alijibu kesho yake. "Nilipima uso, sikumuuliza mwenye uso. Usinitaje mimi. Lakini, mwanangu, nilikuuliza kwa nini, nawe hukuniambia."

Bi Salha alilia kwenye simu. "Sheria ile niliiweka kwa ajili ya binti mmoja aliyechekwa mpaka akavunja brashi zake. Imewaokoa wengi. Wewe imekuzamisha."

Nekesa peke yake hakuzunguka. "Pole sana, dadangu, na umpe mama pole zangu. Lakini sitakudanganya, hilo sanduku nalitaka. Nilifunza nilichoombwa, na nilifunza vizuri. Ama sivyo?"

Ni hivyo. Lakini bila msasa wa Nekesa, sura ya kale ingekuwapo bado chini ya rangi. Bila mistari ya Mwalimu isingeguswa, na bila Bi Salha ingekuwa hata leo kwenye simu. Kila aliyempa ndiye aliyemnyang'anya, na kwa kipimo kile kile.

"Mama, nimtaje nani?" Tupokigwe aliuliza.

Mama alikuwa anachagua mchele. "Mtaje umpendaye. Hao hawakumjua baba yako, wamekosa nini?" Akatoa jiwe, akalitupa. "Wewe ulimjua."

Jina linatakiwa kesho mchana, na asipotaja mtu sanduku linarudishwa dukani. Nimewauliza wengi. Wapo wanaosema Nekesa, kwa kuwa amesema kweli. Wapo wa Mwalimu, kwa kuwa aliuliza, na wapo wa Bi Salha. Mwanamke mmoja aliniambia sanduku alichukue Tupokigwe mwenyewe, ajifunze upya mpaka baba yake arudi. Nikamjibu kwamba mama ana miaka sabini na minane.

Basi na wewe uliyekaa kimya muda wote huu: ungekuwa umeishika simu ile, ungeandika jina la nani?