Hodi ya Kirusi

Hapo zamani za kale, popo alipokuwa bado hajalaumiwa kwa lolote, Kirusi, kijidudu cha maradhi, alikuwa mpangaji wake. Alikuwa mdogo mno, hata chawa alimwita katoto, na Mzee Popo hakuugua kwa sababu yake hata siku moja.

Siku hiyo Mzee Popo aling'ata pera, likamponyoka, pu! uani kwa Bi Tunu. Kirusi alikuwa juu ya pera. Mlangoni alisimama Kifaru, mlinzi wa Bi Tunu, mwenye nguvu nyingi na macho mabovu.

"Hodi, kichwa chini," alisema Kirusi. Ndivyo walivyobisha kwa Popo.

"Hapa hatubishi hivyo. Nenda zako."

Kirusi hakujua hodi nyingine, basi akazaa. Akawafundisha wanawe hodi ileile, nao wakawafundisha wana wao, na ninyi mnajua watoto wanavyokariri.

"Hodi, kichwa chuni." Kifaru akacheka.

"Hodi, kichwa chuu." Kifaru akacheka hadi machozi.

"Hodi, kichwa juu."

Kifaru akaacha kucheka. Hiyo ndiyo hodi ya nyumba. "Karibu," akasema, naye hajui anamkaribisha nani.

Jioni Bi Tunu alitetemeka kwa homa. "Kifaru, umemwingiza nani?"

"Mgeni, Bibi. Kabisha vizuri. Ana kofia nyekundu."

"Mtoe, nitakufa."

Mgeni alishazaa, basi Kifaru akawatoa wenye kofia nyekundu wote. Kesho yake homa ikazidi, maana ndani walishazaliwa wenye kofia za kijani, za njano, na wengine vichwa wazi.

"Wewe ndiye yule wa jana?" aliuliza Kifaru.

"Jana sikuwa nimezaliwa," alijibu Kirusi mmoja, na hakusema uongo.

Kifaru kichwa kilimzunguka. Ni yeye? Siye? Masikini, hata mimi ninayesimulia huwachanganya. Akaketi, akafumba macho asizione zile kofia. Alipofumbua, aliona miguu: wenye kofia za kijani, wenye za njano, wote wamening'inia darini miguu juu, kama kwao kwa Popo.

Akawafagia wote nje. Bi Tunu akaomba uji.

"Mjanja sana yule," alisema.

"Ujanja wapi, Bibi? Hana akili. Ana watoto wengi wanaokosea."

Ngo, ngo, ngo. "Hodi, kichwa juu."

"Nimesikia," alisema Kifaru. "Nionyeshe miguu."

Ukikariri kofia ya mgeni, atakuja na nyingine.